Saa Kongwe ya Wapiga Mbizi
Saa za wapiga mbizi za miaka ya 1950, kama Submariner ya Rolex ya 1953, husifiwa kwa uimara. Hata hivyo, atakaye kuivaa moja kila siku hana budi kuchunguza umri kabla ya uzuri. Nyingi zilipakwa radiamu ili akrabu zing'ae gizani. Mng'ao hufifia kwa kuwa rangi huchakaa. Radiamu yenyewe hubaki, kwani nusu yake huisha kwa miaka 1,600. Vumbi lake likimezwa hukaa mifupani. Saa hiyo isifunguliwe nyumbani. Afadhali yenye tritiamu, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 12 hivi. Mipira ya kuzuia maji nayo hukauka: andiko “mita 200” lisiaminiwe kabla ya kupimwa upya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.