MABARAZA MAWILI, KAMUSI TATU

Muhula uliopita mwenzangu mmoja wa kidato cha nne alikatwa alama katika insha kwa kuandika "kamusi hili". Pembeni mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "kamusi hii". Mwenzangu huyo ni mtoto wa Unguja, na kwao ndivyo wasemavyo.

Nilikwenda maktaba kumtafutia haki yake. Nikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ya mwaka 1981, kazi ya TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo tangu 2009 imeingizwa katika TATAKI. Nikatoa na Kamusi Kuu ya Kiswahili, ya BAKITA, ya mwaka 2015. Zote mbili "kamusi ya". Ndipo mwenzangu akaleta ya kwao, iliyotolewa na BAKIZA, baraza la Zanzibar, mwaka 2010: Kamusi la Kiswahili Fasaha. Sikuhitaji hata kuifungua! Ubishi wenyewe umepigwa chapa juu ya jalada.

Wako wasemao kwamba ni aibu nchi moja kuwa na wakubwa wengi wa lugha. Ati BAKITA iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, basi yatosha. Mimi sikubali. Wafaransa wana baraza lao la watu 40 tangu mwaka 1635, tena wana jopo jingine la waandishi 10 litoalo tuzo yake tangu 1903, na Kifaransa hakijafa.

Tena tukumbuke jambo moja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Leo mtoto wa Unguja anakosolewa kwa usemi wa Unguja! Lingalikuwapo baraza la bara peke yake, angalitoa wapi shahidi?

Kwetu ni Soweto, mjini Mbeya, na mama yangu huuza nyanya sokoni. Akija Mzanzibari kutaka tungule, mama humpimia nyanya zile zile, wala hampunji.

Nakiri kwamba mwalimu naye ana mzigo wake, maana hawezi kusahihisha insha arobaini huku akifunua kamusi tatu. Lakini nadhani yafaa neno lililomo katika kamusi ya baraza la serikali, la bara au la visiwani, lipewe alama, mradi mwandishi asichanganye "hii" na "hili" katika insha moja. Akichanganya, na akatwe.

Tulimpelekea mwalimu ile kamusi. Alisoma jalada, akacheka sana, akaomba kuiazima hadi Jumatatu. Kisha akamwambia mwenzangu, "Katika mtihani wa Taifa, mwanangu, andika 'hii'." Alama hazijarudi, na kamusi nayo bado iko kwake.