Msiwasingizie Waliofia Mina

Kila habari ya maafa ya Hija inapotufikia huku pwani, hulisikia neno lile lile: "walikanyagana." Halinipendezi hata kidogo. Mtu hulisema amekaa zake barazani, kikombe cha kahawa mkononi, na maana yake ni kwamba mahujaji wale walishikwa na kiwewe, kila mmoja akampanda mwenziwe. Huko naona ni kuwasingizia maiti.

Ndugu wasomaji, wapo wataalamu waliolichunguza jambo hili. Mwaka 1995 Mjerumani Dirk Helbing, pamoja na Péter Molnár, walieleza namna ya kuigiza kwa kompyuta mwendo wa waendao kwa miguu. Kila mtu wa kuigizwa alipewa kanuni chache tu: aelekee anakokwenda, asimsogelee mno mwenziwe, asijigonge ukutani. Hakuna aliyewaamuru kufuatana. Hata hivyo, wanaokwenda na wanaorudi walijipanga wenyewe safu safu, maana nyuma ya mtu anayekwenda njia yako ndiko kwenye nafasi. Atakaye kuyaona haya bila ya kompyuta na aende Barabara ya Biashara, Mombasa, siku za mwisho za Ramadhani.

Balaa huja nafasi inapokwisha. Tarehe 12 Januari 2006, kwenye mwingilio wa daraja la Jamarat, walikufa mahujaji zaidi ya 340. Helbing na wenzake walizichunguza picha za kamera iliyokuwa ikitazama pale, na mwaka 2007 wakatoa waliyoyaona. Kwanza umati ulitiririka. Kisha ukawa wenda na kusimama, wenda na kusimama, kama mawimbi yanayorudi nyuma. Mwisho watu wakawa wanasukwasukwa huku na huku, wala si kwa miguu yao. Wakisongamana watu kama saba katika mita moja ya mraba, mtu hana tena hiari ya mwili wake. Akiinama kuokota ndara, hainuki. Na wengi katika misongamano ya namna hii hufa wima, kifua kimebanwa, pumzi hazipiti.

Aliye nyuma haoni lolote. Auonao ni mgongo wa mwenziwe. Umesogea, naye asogea. Kihatua chake kimoja, kikijumlishwa na vya maelfu, humbana asiyemjua aliye mbele. Sasa alaumiwe mzee aliyedunduliza nauli yake miaka na miaka, ama aliye juu, mwenye kuuona umati wote?

Najua nitajibiwa kwamba ni kadari. Sikatai, wala sina ubishi na Mola. Lakini kuamini kadari hakukuwazuia Wasaudi kulivunja daraja la kale na kujenga jipya la ghorofa kadhaa, njia za kuingilia zikatengwa na za kutokea, na makundi yakapangiwa saa zao. Tangu hapo darajani hapajatokea tena maafa kama yale. Ya tarehe 24 Septemba 2015 yalitokea kwenye njia za Mina, makundi yalipokutana penye makutano ya barabara. Hesabu rasmi ilikuwa 769. Zilizotolewa na nchi mbalimbali, zikijumlishwa, zilipita 2,000.

Kwa hiyo nina neno kwa wanaowafunza mahujaji wetu kabla ya safari. Dua hufunzwa vizuri, na ihramu pia. Saa ya kwenda kurusha vijiwe nayo ifunzwe kwa uzito uo huo, kwani hakosekani mtu anayerudi akijisifu kwamba alipenya akawatangulia wenziwe. Na hapa nyumbani, siku ya Iddi tunatoka mamia kwa mlango mmoja, na ule wa ubavuni umetiwa komeo na kurundikiwa mikeka. Wazee wa misikiti, mikeka ile iondolewe kabla ya Iddi ijayo, na ufunguo awe nao mtu atakayekuwapo.