Uhai huanza lini? Uamuzi wa Malindi na maana yake kwa zahanati ya kijijini

Tangu Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi itoe uamuzi wake, swali moja limekuwa likirudi katika jumbe zenu: je, kuavya mimba sasa ni marufuku kabisa Kenya? Jibu fupi ni hapana. Lakini pia si ruhusa kwa kila anayetaka. Tufafanue.

Kesi ilianzaje?

Mwaka 2019, katika kaunti ya Kilifi, msichana wa shule mwenye mimba alishikwa na maumivu na kutokwa na damu. Afisa wa kliniki alimhudumia. Polisi wakaja, wakawakamata wote wawili. Machi 2022 Mahakama Kuu ilifuta mashtaka na kusema huduma hiyo ni haki ya kimsingi. Mahakama ya Rufaa imebatilisha uamuzi huo: kwamba Katiba haitoi haki ya kuavya mimba, bali inairuhusu katika hali maalumu tu.

Katiba inasema nini?

Kifungu cha 26 kinasema maisha ya mtu huanza mimba inapotungwa. Kisha kinasema kuavya mimba hakuruhusiwi, isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Makanisa mengi yalikipinga kifungu hiki kabla ya kura ya maoni ya Agosti 4, 2010. Katiba ikapita. Uamuzi wa Mahakama ya Rufaa haukukifuta.

Dini na sayansi je?

Kanisa Katoliki linafundisha kuwa uhai ulindwe tangu kutungwa mimba. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hutaja siku 120 kuwa ndipo roho hupulizwa, ingawa wengi wao hukataza kutoa mimba hata kabla ya hapo bila sababu nzito. Uhai wa mama ukiwa hatarini, wanakubali aokolewe. Sayansi inaweza kutueleza jinsi mimba inavyokua wiki baada ya wiki, lakini hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha siku ambayo chembe hai huwa mtu. Hapo ni imani na dhamiri.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Kanuni ya Adhabu inataja kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwingine mimba, na miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Hofu hiyo ndiyo humfanya binti ajifungie nyumbani akivuja damu, hata kama mimba imeharibika yenyewe. Naye muuguzi husita kumgusa.

Kwa maoni yetu, mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na bado akakubali kwamba anayevuja damu anahitaji kitanda cha hospitali kabla ya maswali ya polisi. Uhai wa mama nao ni uhai.

Kumbukeni mambo mawili. Kifungu cha 43 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Na kwa Sheria ya Afya ya 2017, mhudumu aliyehitimu si daktari peke yake: muuguzi, mkunga aliyesomea na afisa wa kliniki wamo. Mwanamke akitokwa na damu, asingoje kukuche. Mpelekeni.