Kabla fundi hajakata springi za gari lako

Kwa kawaida hapa tunaongelea nyanya, mahindi na chanjo za kuku. Leo tuongelee springi za gari, na usishangae sana. Msimu wa nyanya ukienda vizuri huku Ilula vijana wengi wananunua gari, na wakishabadilisha rimu, kinachofuata ni kulishusha. Wakifika gereji wanapewa njia mbili. Moja ni kukata springi zilizokuja na gari, mzunguko mmoja au mmoja na nusu, kazi ya asubuhi moja. Nyingine ni kununua springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya kushusha gari la aina hiyo. Njia ya kwanza unamlipa fundi tu. Ya pili inakula hela ya mbolea. Kwa hiyo wengi wanakata.

Msimamo wangu nautoa mapema: usikate. Kama unataka gari la chini, nunua springi zake. Kama hela haipo, liache kama lilivyotoka kiwandani mpaka ipatikane. Na kama gari hilohilo ndilo linalobeba matenga ya nyanya kwenda sokoni, usilishushe kwa njia yoyote ile.

Sisemi hivi kwa kuchukia magari ya chini. Altezza iliyoshushwa vizuri inapendeza, na mtu aliyevuja jasho shambani ana haki ya kulipamba gari lake anavyotaka. Wanaosema ni uhuni mtupu wanawaonea. Gari la chini likifanywa sawasawa hutulia kwenye kona, kwa sababu uzito wake umekaribia ardhi. Ugomvi wangu ni na kukata.

Springi ya gari ni waya mmoja mrefu wa chuma uliozungushwa. Tairi linapopanda tuta, waya huo unajinyonga kidogo kwa urefu wake wote. Waya mrefu unanyongeka kirahisi, waya mfupi ni mgumu. Chukua fimbo ndefu uipinde, kisha ikate nusu ujaribu tena, utaelewa. Ndiyo maana springi iliyokatwa inakuwa ngumu kuliko mwanzo, na hapo ndipo fundi anapojisifu: "Si umeona gari limekaza?" Kweli limekaza. Ila muulize limekaza kiasi gani, ukilinganisha na nafasi uliyoipoteza.

Tufanye hesabu ya mfano, kama tunavyofanya ya mbegu na ekari. Springi ina mizunguko 6 inayofanya kazi. Ikiwa haijabeba kitu ina urefu wa milimita 300. Inabeba kilo 300 za gari, na uzito huo unaiminya kwa milimita 100, hivyo gari likisimama springi ina milimita 200. Sasa kata mzunguko mmoja. Springi inabaki na milimita 250, ugumu wake unapanda kwa moja ya tano, na kilo zilezile 300 zinaiminya kwa milimita 83 tu. Gari linasimama springi ikiwa na milimita 167. Umelishusha kwa milimita 33, kama upana wa vidole viwili. Mpaka hapo fundi amekupa ulichokitaka.

Tuseme sasa kwamba mwanzoni tairi lilikuwa na milimita 80 za kupanda kabla ya kugonga ule mpira wa kupokea kishindo. Sasa limebaki na 47. Umepoteza kama sehemu mbili kati ya tano za nafasi, ukaongezewa sehemu moja kati ya tano ya ugumu. Mwanzoni tairi hilo lilihitaji kilo 240 za ziada ndipo ligonge mwisho. Sasa kilo 168 zinatosha. Ukikata mizunguko miwili, kama nilivyoona vijana wakifanya, nafasi inabaki milimita 13 na kilo 60 zinamaliza kila kitu. Kilo 60 hazifiki gunia moja la mahindi. Na hapo hatujaongelea shimo, maana shimo likipigwa kwa mwendo linasukuma kuliko gunia lililotulia. Kile kishindo unachokisikia kiunoni ni chuma na mpira vinapokutana, na kila kinapotokea mzigo unahamia kwenye shokapu, bushi na bodi lenyewe.

Mtengenezaji wa springi fupi hafungwi na waya wa zamani, na hela yako inaenda hapo. Anaweza kuchagua waya mnene zaidi, na unene kidogo tu unabadilisha mambo sana: waya wa milimita 13 badala ya 12, vingine vyote vikibaki vilevile, unaongeza ugumu kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo anapokupunguzia nafasi anakuongezea ugumu wa kuifidia. Anayekata hana uchaguzi huo. Ugumu anaoupata ni ule uliosalia baada ya msumeno.

Kuna hatari ya pili ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza, na haionekani gari likiwa limesimama. Springi imekatwa, lakini shokapu haikukatwa. Tairi likining'inia, shokapu inajivuta mpaka mwisho wake wa zamani. Turudi kwenye mfano wetu. Ikiwa tairi linaponing'inia nafasi ya springi ni milimita 280, ile ya kiwandani yenye 300 inabaki imebanwa. Yako yenye 250 inacheza, sentimita 3 nzima. Kwa gari kama IST, ambalo springi ya nyuma inakaa peke yake na shokapu peke yake, springi inayocheza inaweza kuhama kwenye kiti chake. Kwa gari ambalo springi imeizunguka shokapu haitatoka, lakini itageuka na kurudi ikiwa imekaa upande, na utaanza kusikia "kwaa, kwaa" kila ukikata kona.

Springi fupi za kununua nyingi zimeliona hilo. Utakuta upande mmoja mizunguko yake imekaribiana sana. Gari likiwa chini mizunguko hiyo inagusana, ni kama haipo. Tairi likining'inia inafunguka na kujaza ile nafasi, springi inabaki kwenye kiti chake.

Utaniuliza tairi la gari linaning'inia lini, wakati hakuna jeki. Wewe unayeshuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni unajua. Breki zimekanyagwa, uzito umekimbilia mbele, uko kwenye kona, tairi la nyuma la upande wa ndani limekuwa jepesi. Hapo likapita kwenye lami iliyobonyea kwa uzito wa malori. Hiyo ni sehemu ambayo hata gari zima linahitaji akili timamu. Mimi nisingependa nyuma yangu pawe na springi inayotafuta kiti chake, mbele kuna lori la mafuta, na pembeni bonde.

Sasa niwatendee haki mafundi. Si kweli kwamba springi ikikatwa tu inakufa. Ikikatwa baridi kwa diski, polepole na maji pembeni, chuma kilichobaki ni kilekile. Watu wa mashindano ya magari wamekata springi miaka mingi. Lakini wao wanabadilisha na shokapu, wanapima kila kona ya gari, na hawabebi shangazi wawili na matenga sita. Tatizo la gereji zetu nyingi ni gesi. Chuma cha springi kimepewa tabia yake kwa joto lililopimwa: kinapashwa, kinapozwa ghafla, kisha kinapashwa tena kwa kiasi. Moto wa gesi unaivuruga kazi yote hiyo pale unapopita. Sehemu hiyo inaweza kulainika na kulala, au ikawa na ukakasi na kuvunjika, na hutajua ni lipi mpaka siku yenyewe. Kuna wengine hata hawaitoi springi. Wanaipiga gesi ikiwa ndani ya gari mpaka inakaa chini yenyewe. Ukimuona fundi anafanya hivyo, hata kama ni binamu yako, chukua ufunguo uondoke.

Angalia pia ncha. Springi nyingine ncha zake zimelazwa au zimekunjwa ndani ili zikae sawa kwenye kiti. Ukikata ncha ya namna hiyo unabaki na waya uliokatika, unaokaa juu ya sehemu ndogo tu. Hizo hazifai kukatwa hata kwa diski.

Haya, umeamua kununua. Hapo napo usifunge macho. TEIN na RS-R ni za Japani, Eibach na H&R ni za Ujerumani, na kazi yao inajulikana. Lakini rangi si ushahidi. Springi yoyote inaweza kupakwa kijani au nyekundu, kwa hiyo tafuta namba iliyoandikwa kwenye waya na uilinganishe na namba ya chesi ya gari lako, siyo jina la gari tu. "Mark II" haitoshi, GX100 na GX110 ni magari mawili. Za mtumba kutoka Japani zinapatikana Gerezani, Dar es Salaam, na mimi sioni ubaya wake kama waya hauna kutu iliyochimba, ncha ni nzima, na zote nne zimetoka pamoja. Hakikisha kwanza gari lako halikuja likiwa limeshashushwa. Wajapani wanashusha sana, ingawa ukaguzi wao unadai gari lisipungue sentimita 9 kutoka ardhini. Kuna watu wanakata springi ambazo tayari zilikuwa fupi, bila kujua.

Bajeti ya springi bila shokapu ni nusu bajeti. Shokapu iliyochoka haiwezi kutuliza springi ngumu zaidi, gari litarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Baada ya kufunga, peleka gari likapimwe alaimenti, kwa sababu gari likishuka matairi yanabadilisha mkao, mengi yanaegemea ndani kwa juu, na tairi linaisha upande wa ndani ambao huuoni ukiwa umesimama. Kwa barabara zetu milimita 20 hadi 30 zinatosha. Zaidi ya hapo utakuwa unayavuka matuta kwa kukata kona kama nyoka, na abiria wako wanashuka watembee.

Wenye pikapu mnisikilize peke yenu. Pikapu nyingi zina fimbo ndogo inayotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye valvu ya breki. Inapima gari limeshuka kiasi gani, ili likiwa na mzigo breki za nyuma zipewe nguvu zaidi. Ukishusha nyuma bila kuirekebisha fimbo hiyo, valvu inaamini una mzigo wakati uko mtupu. Siku ya mvua utakanyaga breki na nyuma itakupita.

Ulishakata tayari? Usimtafute mchawi. Springi za kiwandani za mtumba kwa magari kama IST au Mark II hazisumbui kupatikana, kwa sababu magari hayo yamejaa na mengine yamekufa. Mara nyingi ni rahisi kuliko zile fupi mpya. Kabla ya safari nyingine fanya hivi: panga gari sehemu tambarare, zuia matairi kwa mawe, weka jeki chini ya bodi pale palipowekwa alama yake, siyo chini ya ekseli, inua mpaka tairi lining'inie, kisha weka stendi imara na usiingize kichwa chini. Shika springi kwa mkono uizungushe. Fanya kwa matairi yote manne. Iliyobanwa haitakusikia. Ikizunguka mkononi mwako, au ikipanda na kushuka, gari hilo litumie kwenda gereji taratibu na lisishuke Kitonga mpaka springi nyingine zimefungwa.