UKURASA WA AFYA: Maji kifuani baada ya kupasuliwa pafu

Mwezi huu tunaongea juu ya mgonjwa aliyepasuliwa kifua kwa sababu ya saratani ya pafu. Operesheni imeenda vizuri, karudi nyumbani, halafu tunasikia kifua kimejaa maji! Hapo maneno yanakuwa mengi. Wengine wanasema kalogwa, wengine eti alikunywa maji mengi.

Jamani, tuelewane. Kati ya pafu na mbavu kuna ngozi mbili nyembamba, na katikati yake kuna maji kidogo ya kulainisha, hata kwa mtu mzima wa afya. Pafu likikatwa, kidonda kinatoa maji zaidi, na mishipa midogo iliyokuwa ikiyanyonya inaumia. Ndiyo maana daktari anaacha mpira kifuani, unaoshuka hadi kwenye chupa. Chupa hiyo ikae chini ya kifua muda wote, maana ikiinuliwa maji yanaweza kurudi ndani. Wewe unayemlinda mgonjwa wodini, usiukunje wala kuuziba mpira huo.

Kumbe basi, maji hayo siyo yale ya kikombe. Msimnyime mgonjwa maji ya kunywa, isipokuwa daktari mwenyewe amesema, kwa mfano kwa sababu ya moyo au figo.

Je, tunaweza kujua mapema nani atapata shida? Ndiyo, na hapa hatupigi ramli. Madaktari wanaangalia umri, uvutaji wa sigara, ugonjwa wa moyo, figo au ini, na kama mtu amekonda kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Wanaangalia pia kama aliwahi kuugua TB, kama alipata dawa za saratani au mionzi kabla, na kipande kilichokatwa ni kikubwa kiasi gani. Kwa hiyo msifiche kitu mnapoulizwa. Mzee akisema hakuvuta kamwe na kumbe alivuta miaka 30, anajiumiza mwenyewe.

Kuna jambo moja linalochanganya watu. Pafu la kulia lina sehemu 3, la kushoto 2. Ikikatwa sehemu moja, zilizobaki zinatanuka na kujaza nafasi. Lakini likitolewa pafu zima upande mmoja, ile nafasi tupu hujaa maji polepole, kwa wiki au miezi. Hayo yanategemewa, siyo ugonjwa. Basi kabla ya kutoka hospitali, ulizeni: mmetoa sehemu au pafu zima? Jibu liandikwe kwenye karatasi yake, ili zahanati yetu hapa kambini ijue.

Mkimbizeni mgonjwa zahanati, hata usiku, mkiona haya:
- pumzi inabana kuliko jana, au hawezi tena kulala chali;
- homa na kutetemeka;
- kidonda kinatoa usaha au maji yenye harufu;
- mguu mmoja umevimba na unauma;
- anakohoa maji mengi ghafla, hasa aliyetolewa pafu zima.

Hilo la mwisho ni la hatari sana. Huenda mshono ndani umeachia na maji yanaingia kwenye pafu zima lililobaki. Mkalisheni wima, na kama lazima alale, alalie upande uliopasuliwa, huku mkitafuta gari. Msimchanje chale wala kumpiga chuku kifuani ili "kutoa maji".

Nyumbani, mtembezeni kidogo kidogo kila siku. Avute pumzi ndefu, na akikohoa akumbatie mto kifuani ili maumivu yapungue. Dawa ya maumivu aimeze kama alivyoandikiwa, maana anayeogopa kukohoa anabaki na makohozi. Akae mbali na moshi wa kuni na sigara. Kwenye posho mtengeeni maharage, na mkipata ndagala, karanga au yai, yeye aanze. Kubeba kuni na madumu ya maji, wawasaidie vijana.

Sisi ndio tunaolala naye nyumba moja, tunasikia pumzi yake kila usiku. Daktari yuko mbali. Tukiona dalili tusingoje kupambazuke.

Msomeeni na jirani asiyejua kusoma.