Nani Alimfunga? Haki ya Kudai Uchunguzi Huru



Katika somo la kauli za vitenzi ulijifunza kwamba kitenzi "funga" huzaa "fungwa" na "fungiwa". Ulijifunza pia kwamba kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumficha mtenda. "Mgonjwa alifungwa." Kisarufi sentensi hiyo imekamilika, kimaadili ina pengo. Nani alimfunga? Kwa sababu gani? Kwa muda gani? Kwa idhini ya nani?

Nawazungumzia watu wenye ulemavu, hasa wenye ulemavu wa akili na wenye maradhi ya akili. Wako wanaofungwa kamba kitandani, wanaofungiwa chumbani peke yao, wanaopewa dawa za kuwalaza ili mhudumu apumzike, na wanaonyang'anywa magongo au viti vya magurudumu ili wasitoke. Jambo hili si la nchi moja. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba watu wenye maradhi ya akili hufungwa minyororo katika nchi zipatazo 60.

Ukiuliza, utajibiwa: "Ni kwa usalama wake." Huenda ni kweli. Lakini aliyefunga ndiye anayesema kulikuwa na hatari, ndiye anayeandika daftarini, na ukilalamika, ndiye anayepokea barua yako. Wahenga walituonya tusimpelekee nyani kesi ya ngedere. Kituo kinachojichunguza chenyewe hakijachunguzwa.

Sheria iko wazi. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Ibara ya 16 inazitaka serikali zihakikishe kwamba vituo vyote na programu zote za kuwahudumia watu hao zinafuatiliwa na mamlaka huru. Zingatia neno "vyote". Zingatia neno "huru". Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 24, inakataza mateso na matendo ya kikatili au ya kudhalilisha, na Ibara ya 44 hairuhusu katazo hilo lipunguzwe kwa hali yoyote. Ibara ya 52 inaipa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda uwezo wa kuchunguza malalamiko ya mtu yeyote. Haikuandikwa "raia yeyote".

Tofauti hiyo ni kubwa kwa watu wa Nakivale. Makazi hayo, wilayani Isingiro, yanapokea wakimbizi tangu mwaka 1958: Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, ambao wengi wao huelewana kwa Kiswahili. Anayezidiwa hupelekwa Mbarara, kwenye hospitali ya rufaa, mahali ambapo Kinyankole na Kiingereza ndizo lugha zilizozoeleka. Akisema "sitaki", nani anamwelewa? Nani anaandika? Mtu anayetegemea wengine kwa chakula, dawa na hata karatasi ya utambulisho huogopa kulalamika. Kwa sababu hiyohiyo mchunguzi lazima atoke nje. Tume ina ofisi Mbarara. Hatuhitaji kusafiri hadi Kampala.

Utaniuliza: "Mwalimu, na mama je?" Mfikirie mama anayemfunga mwanawe mguu kabla ya kwenda kupanga foleni ya chakula, kwa kuogopa mtoto asitangetange hadi ziwani. Simwiti katili. Uchunguzi huru haumtafuti mama huyo ili kumpeleka jela. Unauliza ni msaada gani uliokosekana hata kamba ikawa ndiyo mlezi. Kamba ile ni ushahidi dhidi ya huduma, wala si dhidi yake.

Basi, ukijua mtu amefungwa au amefungiwa, andika ombi. Taja tukio, tarehe, muda na njia iliyotumika. Omba daftari la kituo likaguliwe. Omba mchunguzi asiyeajiriwa na kituo hicho. Omba aliyefungwa asikilizwe mwenyewe, kwa lugha yake, pamoja na mkalimani anayemwamini. Omba majibu kwa maandishi na tarehe ya mapitio mengine. Baki na nakala. Ukipuuzwa, kumbuka kwamba Ibara ya 50 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki za mwingine.

Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lugha rasmi isiyoweza kuandika malalamiko ni pambo tu.

Zoezi la leo: igeuze sentensi "Alifungiwa chumbani siku tatu" iwe katika kauli ya kutenda. Utaona kwamba huwezi kuigeuza mpaka umjue mtenda. Nenda ukamuulizie.