Ubao wa kompyuta haununuliwi kwa macho

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alidunduiza fedha mwaka mzima ili ajiundie kompyuta ya michezo. Alianza na vijiti viwili vya kumbukumbu aina ya DDR5, kisha akapata ubao mama wa bei nafuu katika duka jingine. Alipojaribu kuvichomeka, vilikataa katakata. “Mjomba, nimetapeliwa?” akaniuliza. La, hakutapeliwa. Ubao ulikuwa wa DDR4.

Aina hizo mbili zote zina pini 288, ila pengo la ukingoni haliko mahali pamoja, makusudi, mtu asije akazichanganya. Kilichompoteza kijana ni prosesa. Zile za Intel za kizazi cha 12, zilizotoka mwaka 2021, huafikiana na kumbukumbu zote mbili. Ubao, aghalabu, huikubali moja tu.

Wapo walimu watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya michezo, hayatuhusu. Yanatuhusu, maana fedha ni za mwanafunzi, na hakuna aliyemfunza kusoma maelezo ya kifaa kabla ya kulipa.

Mimi nashikilia kwamba anayeanza mikono mitupu achague ubao wa DDR5. Soketi ya AM5 ya kampuni ya AMD, iliyoingia sokoni mwaka 2022, haipokei kumbukumbu nyingine, na kampuni imeahidi kuiendeleza walau hadi 2027. Mnunuzi ataweza kubadilisha prosesa baadaye pasipo kuutupa ubao. Lakini aliye na vijiti vya DDR4 nyumbani asione haya kubaki na ubao wa AM4, hasa baada ya bei za kumbukumbu kupanda vibaya mwishoni mwa 2025, viwanda vilipokimbilia kuhudumia mitambo ya akili bandia. Katika michezo mingi, kadi ya michoro ndiyo yenye kauli kubwa kuliko kumbukumbu. Fedha zielekezwe huko, si kwenye ubao unaometameta taa kama harusi.

Tena, vijiti viwili vya GB 16 ni afadhali kuliko kimoja cha GB 32, kwani prosesa huvitumia kwa njia mbili kwa pamoja.

Ubao ule wa mpwa wangu ungali kabatini mwangu, ndani ya kasha lake. Duka lilikataa kuupokea, naye ameanza tena kudunduiza.